Kuiwasha rele ya ulinzi kwa mara ya kwanza: tathmini ya huduma tuliyopata Lubumbashi

Tathmini hii inahusu kikundi kidogo cha mafundi wa hapa Lubumbashi tuliowapa kazi ya kuhakiki na kuwasha rele mpya ya ulinzi, yaani kifaa kinachopima mkondo na kuamuru umeme ukatwe hitilafu inapotokea, katika kabini (chumba cha transfoma na swichi) ya kiwanda cha kusaga mahindi, upande wa Kampemba. Kabini hiyo hupokea volti 15,000 kutoka kwenye laini ya SNEL, shirika la umeme la taifa, na kuzishusha hadi volti 400 kwa transfoma ya kVA 1,000. Zamani ilikuwa ikilindwa na fyuzi peke yake. Sasa imefungwa disjonkta, yaani swichi kubwa ya kukata umeme, inayoamriwa na rele ya Sepam 20 ya Schneider Electric. Silitaji jina la kikundi, kwa sababu ninachotaka msomaji akipime ni namna ya kazi yenyewe, ambayo anaweza kuidai kwa fundi yeyote atakayemwita.

Katika kabini nyingi nilizozijua, kazi ya kuwasha rele huhesabiwa kuwa imekwisha pale nyaya zinapokazwa na taa ya kijani kuonekana usoni mwake. Mzee wetu wa kabini alitarajia hivyohivyo, akamwambia kijana aliyewaongoza mafundi: «Mwana, taa imewaka, tufunge tu.» Kijana akajibu kwa heshima: «Papa, taa inasema rele ina umeme. Haijasema kama disjonkta itafunguka.» Jibu hilo lilinifanya niwaamini, na karibu yote waliyofanya baadaye yalilifuata.

Kabla ya kugusa chochote walikata umeme wa laini, wakafunga kufuli na kutundika kibao, wakathibitisha kwa kipima volteji kwamba hakuna umeme katika kila fazi, wakaunganisha fazi zote na ardhi, kisha wakaziba sehemu za jirani zilizobaki na umeme. Kipima volteji chenyewe walikijaribu kabla na baada ya kukitumia, jambo ambalo wengi hulisahau. Hapa sina la kuongeza.

Walianza na betri, na nadhani walifanya sawa. Hitilafu kubwa inapotokea, volteji ya laini huporomoka papo hapo, wakati uleule ambao koili ya kufungulia disjonkta inahitaji nguvu. Kwa hiyo nguvu hiyo hutoka kwenye betri za volti 110, na rele bora kuliko zote haiwezi kitu ikiwa betri zimechoka. Katika mji huu, ambapo delestaji (mgao wa umeme) huzifanya betri zitumike hadi mwisho mara kwa mara, kupima volteji kwenye chaja na kuridhika ni kujidanganya. Wao walipima kwenye koili yenyewe wakati disjonkta inafunguka, kisha wakaijaribu koili kwa volti 77 tu, yaani asilimia 70 ya volteji yake, kiwango ambacho koili ya namna hiyo bado hutakiwa kufanya kazi. Disjonkta ilifunguka, lakini vipimo vilionyesha betri moja dhaifu, nasi tukaibadilisha kabla ya kuendelea.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ile ya transfoma za mkondo, zinazopunguza mkondo mkubwa wa laini ili rele iweze kuupima, ambazo kwetu ni za uwiano wa ampea 50 kwa ampea 1. Fundi yeyote wa kabini anapaswa kujua kwamba upande wa pili wa transfoma hiyo haufunguliwi kamwe wakati mkondo unapita upande wa kwanza, kwa kuwa volteji inayozuka hapo inaweza kufika maelfu ya volti, ikaua mtu au kuunguza vifaa. Sepam ina kiunganishi cha CCA630 ambacho kinaweza kuchomolewa bila kufungua mzunguko huo, kwa kuwa nyaya zinapita ndani yake tu. Hata hivyo mafundi hawakuutegemea ubora huo, bali walikwenda kwenye terminali na kuufunga mzunguko kwa vipande vya shaba kabla ya kulegeza waya wowote. Walihakikisha pia kwamba mzunguko huo umeunganishwa na ardhi mahali pamoja tu.

Kisha wakaingiza mkondo wa majaribio upande wa kwanza, moja kwa moja kwenye baa za shaba. Kwanza walipitisha ampea 40 katika kila fazi peke yake, na rele ikasoma vizuri. Baadaye wakaunganisha fazi mbili mfululizo, mkondo uingie kwa moja na kurudi kwa nyingine, ili jumla yake, ambayo rele huihesabu kuwa mkondo wa ardhini, yaani unaovuja kwenda ardhini, iwe sifuri. Kati ya fazi mbili za kwanza ilikuwa sifuri. Walipoiweka fazi ya tatu mahali pa mojawapo, rele ikasoma ampea 80 za mkondo wa ardhini, ilhali hapakuwa na hitilafu yoyote. Aliyejenga kabati alikuwa amegeuza nyaya za transfoma moja. Kosa la namna hii halionekani kabisa kwa jaribio la kuingiza mkondo nyuma ya rele, bila kupitia transfoma za mkondo, ambalo ndilo mafundi wengi hulifanya peke yake kwa kuwa kifaa chake ni chepesi kubeba. Ulinzi wa ardhini ulikuwa umepangwa kukata kwa ampea 10. Mashine za kusagia zingechukua ampea 20 tu, na rele ingehesabu 40 na kukata bila sababu. Wengi wetu tunajua kinachofuata katika hali kama hiyo: mwenye kiwanda anachoka, fundi anaambiwa auzime ulinzi wa ardhini, na hakuna anayekumbuka kuurudisha.

Jaribio la nyuma ya rele nalo lilileta jambo lake. Karatasi ya viwango ilitaka rele ianze kuhesabu kwenye ampea 46, ambazo ni mara 1.2 ya mkondo kamili wa transfoma wa ampea 38.5, kwa mkunjo wa kawaida wa IEC (kanuni ya kimataifa ambayo kwayo mkondo ukizidi, muda wa kukata hupungua) wenye kizidishi cha muda cha 0.1. Sepam hii hupokea muda wa kukata pale mkondo unapofika mara kumi ya kiwango, si kizidishi. Thamani sahihi ya kuingizwa ni sekunde 0.3. Mtu akiandika 0.1 kama alivyosoma kwenye karatasi, rele itakata kwa theluthi ya muda uliokusudiwa, na mota kubwa ikianza tu, kiwanda kizima kinaweza kuzimika. Mafundi walilijua hilo, wakalithibitisha kwa saa: kwa mara mbili ya kiwango rele ilikata baada ya sekunde 1 hivi, na kwa mara tano baada ya sekunde 0.43. Kila fazi ilijaribiwa hadi disjonkta yenyewe ikafunguka, si hadi rele ikaandika tu kwamba imekata.

Siku ya kuwasha, disjonkta ilifungwa kwa kitufe kilichowekwa nje ya kabini, transfoma ikiwa haina mzigo, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya kabati. Mshtuko wa mkondo ambao transfoma huvuta kwa muda mfupi inapowashwa ulipita bila rele kukata. Baada ya mashine kuanza, walisoma mikondo mitatu pamoja na jumla yake, wakaona fazi zinalingana na mkondo wa ardhini uko karibu na sifuri.

Lawama zangu ni za aina nyingine. Kuja Lubumbashi kufanya majaribio kwa kutegemea umeme wa soketi ya mteja, bila jenereta, ni uzembe: umeme ulikatika katikati ya jaribio nasi tukakaa tukingoja. Muda wa kukata wa ulinzi wa upande wa juu, yaani wa laini inayotulisha, waliuuliza kwa simu, na ripoti yao inautaja bila karatasi yoyote ya kuuthibitisha, ilhali tofauti ya sekunde 0.3 hivi kati ya rele mbili ndiyo inayoamua kama hitilafu yetu itazima kiwanda kimoja au mtaa mzima. Nenosiri la kiwandani hawakulibadilisha; tulilibadilisha wenyewe. Ripoti imeandikwa kwa Kifaransa cha kitaalamu ambacho mzee wa kabini, anayekaa na rele hiyo usiku, hawezi kukifuata, wala hawakutenga muda wa kumwonyesha jinsi ya kusoma kumbukumbu za matukio.

Bei yao ni ya juu kuliko ya wale wanaoleta kifaa cha kuingizia mkondo nyuma ya rele pekee, nami nailipa bila kunung'unika kwa sababu ya zile ampea 80. Nitawaita tena kwa kabini ya pili, na mkataba utataja jenereta, karatasi ya viwango vya upande wa juu, na asubuhi moja ya mafunzo kwa Kiswahili. Malipo ya mwisho yatatoka wakishanikabidhi faili la viwango vya rele.