Kompyuta inachora vizuri, kitambaa ni shauri lako

Mfumo wa kompyuta niliofunga kwenye cherehani yangu ya mkono mrefu nimeupenda, na hata hivyo simshauri kila mtu aununue. Nitaeleza.

Nilikuwa nimeacha kushona mifarishi kwa sababu ya bega. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati na kitambaa cha chini, na mshono unaozishika pamoja ndio unaoupa sura. Kwa cherehani ya mkono mrefu kitambaa kinakaa kwenye rola za fremu, wewe unasukuma kichwa kizima cha cherehani juu ya reli, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kwa mfarishi wa kitanda kikubwa, bega linaisha kabla ya kazi. Kilichonirudisha ni mota ndogo na tableti: mota zinasukuma kichwa, tableti inaamua kiende wapi.

Michoro ya kufunika mfarishi wote, ukingo hadi ukingo, ndiyo rahisi, na kwa michoro hiyo tu mfumo unajilipia. Unachagua mchoro, unaingiza upana wa mfarishi na idadi ya mistari, unabonyeza, kichwa kinaanza kutembea. Mishono inatoka sawasawa, mimi hupenda 10 au 11 kwa inchi, na kona kali zinakuwa kali kweli. Ila usisinzie. Mstari ukiisha unazungusha rola, kisha unaelekeza sindano kwenye alama ya mstari uliopita ili mpya ukae mahali pake. Ukilipua hatua hiyo, mistari inapishana kidogo kidogo mpaka chini kila mtu anaona.

Ukubwa wa mchoro nao usiuachie programu. Mchoro mzuri ukiubana sana, mfarishi unakakamaa, haulali mwilini. Ukiutanua mno, pamba itakuja kuhama ukifuliwa. Pakiti ya pamba huandika umbali wa mwisho kati ya mshono na mshono. Nyingine inchi 4, nyingine hadi 10. Isome kwanza, ndipo uvute mchoro kwenye skrini.

Kabla ya mfarishi wowote mimi hushona duara pembeni, kwenye kitambaa cha kukata. Mstari ukirudi ulipoanzia usikutane na mwanzo wake, kompyuta usiilaumu haraka. Mara nyingi kitambaa kimekazwa kupita kiasi, au vibano vya pembeni vimevutwa mno, na sindano inapinda ikiwa ndani huku kichwa kinaendelea kwenda. Legeza rola mpaka ukisukuma kidole kwa chini uweze kukishika kwa juu kupitia kitambaa. Duara halijafunga bado? Futa magurudumu na reli. Vumbi la pamba linaganda pale, gurudumu linaruka, na duara linatoka na pembe kama limekatwa kwa kisu. Watu wanaotoka kwenye kushona kwa mkono huru, yaani kuongoza mshono kwa mikono yao bila kompyuta, wanazoea kukaza kitambaa kama ngoma, na hapo ndipo wanapogombana na mashine.

Raha yenyewe iko kwenye miraba, yale mapande ya viraka yanayounda uso wa mfarishi. Unapeleka sindano kwenye kona ya kwanza ya mraba, unabonyeza. Ya pili, ya tatu, ya nne. Programu inauchukua mchoro na kuuingiza humo. Kumbuka hakuna mraba wa viraka ulio mraba kweli. Wa inchi 12 utakuta upande mmoja una inchi 11 na robo tatu, na kona moja imelegea. Programu nzuri inaupinda mchoro ufuate kona zilivyo, si zilivyopaswa kuwa, na mfumo wangu hapa unastahili sifa. Nilijaribu shada la maua kwenye miraba iliyopinda, na jicho lisilojua haligundui kitu. Sharti ni moja: ukishachukua kona, usiguse rola. Ukikaza hata kidogo, kona zimehama na tableti haina habari.

Michoro ya manyoya, ile yenye umbo la unyoya wa ndege, nimeirudisha mikononi. Ya kompyuta ni safi, lakini unyoya wa kushoto na wa kulia ni pacha, na wa mwisho ni pacha wa wa kwanza; jicho linachoka. Sasa naiacha mashine ijaze nafasi zinazoyazunguka manyoya kwa mistari midogo, kazi ile iliyokuwa inaniua bega, nami nashona manyoya ya katikati kwa mkono huru. Mchanganyiko huo sikuupanga, na ndio ninaoupenda kuliko yote.

Kwa anayefikiria kununua: angalia kwanza kama mfumo unakubaliana na cherehani yako. Statler ni ya cherehani za Gammill, Pro-Stitcher ni ya Handi Quilter, IntelliQuilter hufungwa kwenye cherehani za kampuni mbalimbali. Uliza pia faili za michoro ni za aina gani, maana kila mfumo una yake. Wauzaji wengi wa michoro hutoa aina kadhaa ndani ya kifurushi kimoja, lakini usidhani. Na kama unashona mfarishi mmoja mara moja moja, kwa kujifurahisha, fedha hiyo itunze. Cherehani ya kawaida na mguu wa kutembea, ule unaosogeza tabaka zote kwa pamoja, vinakutosha.

Mfumo wangu siutaji jina, ila naupa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kitufe cha kusimamisha. Wamekiweka kwenye kona ya skrini, kidogo kuliko kucha. Uzi ukikatika mashine inaendelea kutoboa matundu matupu, na wewe uko upande wa pili wa fremu, unakimbia.