Antivairasi ya kompyuta ya nyumbani: uliza bando kwanza

Mwezi wa tatu nilishuka Kariakoo kununua antivairasi. Kompyuta yetu ni laptopu ya mtumba, ramu GB 4, na tunaigombea watatu. Mimi nachapa mitihani ya walimu wa hapa mtaani, mwanangu anafanyia kazi za shule, na mpwa wangu kila akirudi kutoka dukani kutoa kopi anakuja na flashi mgonjwa.

Kijana wa dukani alinitolea boksi zuri, limefungwa nailoni, shilingi 45,000, mwaka mzima. "Hii ndiyo kali, dada. Inaua kila kitu." Nikalipa, tena kwa furaha.

Nyumbani nikafungua boksi. Ndani kuna CD, na laptopu yangu haina pa kuingizia CD. Chini ya CD kuna kikaratasi kinachosema programu ishushwe mtandaoni. Nikanunua bando la GB 1, nikawasha hotspoti ya simu. Kifaili kilichoshuka kwanza kilikuwa kidogo, nikasema afadhali. Kumbe hicho ni mpiga hodi tu, mwenye nyumba yuko nyuma. Kilipofunguliwa ndipo kikaanza kuvuta programu yenyewe, na kwenye asilimia 71 bando likakata. Nikaongeza GB nyingine, kikaanza upya kutoka sifuri. Saa tano usiku nikaingiza namba ya leseni, ikakubali, halafu ikaniandikia kwamba zimebaki siku 118. Mtu alishaiwasha kabla yangu, nailoni na yote.

Kesho yake nikarudi dukani. "Dada, sisi tunauza boksi. Mambo ya mtandao ni ya kwako."

Tangu hapo nimejaribu nyingine kwa zile siku za majaribio, nimesumbua majirani wenye kompyuta, na sasa naandika. Sitahangaika na alama za maabara. AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria wanazipima hizi programu mara kwa mara, na kampuni kubwa karibu zote hufuatana kwa karibu sana pale juu. Ukichagua kwa tofauti ya nusu asilimia unajisumbua bure. Ninachokihangaikia mimi sijaona muuzaji hata mmoja anakitaja: antivairasi inafanya nini kwenye nyumba ambayo intaneti yake ni hotspoti ya simu, nusu saa leo, nusu saa keshokutwa?

Programu hizi zinaishi kwa apdeti. Kirusi kipya kikitambuliwa, kampuni inatuma taarifa zake, na kompyuta inazishusha. Ukiwa hewani kila siku unashusha vipande vidogo vya tofauti tu. Ukikaa wiki tatu bila mtandao, vile vipande havitoshi tena, na programu huenda ikavuta orodha nzima ya virusi upya. Hapo ndipo unawasha hotspoti utume barua pepe moja, unarudi unakuta bando limekwisha na barua haijatoka.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Programu nyingi siku hizi hazibebi akili yote kwenye kompyuta yako. Faili likiwa na shaka, zinauliza kwenye seva za kampuni kwa mtandao. Bila mtandao zimebaki na nusu ya macho. AV-Comparatives wenyewe hupima mara mbili, kompyuta ikiwa hewani na ikiwa imekatwa, na zipo zinazong'ara hewani kisha zikikatwa zinaporomoka vibaya. Antivairasi iitwayo Panda ni mfano unaojirudia. Sasa fikiria flashi ya mpwa wangu: inachomekwa saa nane mchana, hakuna hotspoti, bando litanunuliwa usiku. Kirusi hakisubiri usiku.

Kwa hiyo mpangilio wangu uko hivi, na najua wengine mtabisha.

Namba moja kwangu ni ESET, lile toleo la chini kabisa, NOD32 Antivirus. Sifichi upendeleo. Ni kampuni ya Bratislava, Slovakia, na hilo jina NOD lilitokana na maneno ya Kislovakia yenye maana ya "hospitali kwenye ukingo wa diski", jambo ambalo limenichekesha kuliko inavyostahili. Ninaipendea vitu vitatu. Ni nyepesi, laptopu yenye ramu GB 4 haianzi kupumua kama mzee anayepanda ngazi. Apdeti zake za kila siku ni ndogo, na kwenye mipangilio unaweza kuiambia iulize kwanza ikiwa faili la apdeti linazidi ukubwa uliouweka wewe. Ukiona swali hilo limejitokeza wakati una MB 80, unakataa, unaendelea na kazi zako. Cha tatu ni flashi: inaweza kukagua kila flashi inapochomekwa, na ukitaka ukali zaidi unafunga kabisa aina ya vifaa usivyovitaka. Mpwa wangu alichomeka flashi ya dukani, ikatoa onyo kabla hajafungua folda. Ina siku 30 za majaribio bure. Zitumie zote kabla hujamkabidhi mtu hela.

Kasoro yake ni kwamba mipangilio ni msitu. Hilo swali la ukubwa wa apdeti lilinichukua jioni nzima kulipata.

Namba mbili, Kaspersky. Inatambua vizuri, na ina swichi ya kupunguza matumizi pale Windows inapojua kwamba mtandao ni wa kuhesabiwa. Sababu ya kuiweka ya pili ni hii. Machi 2022 idara ya usalama wa mitandao ya Ujerumani ilionya watu wasiitumie, na Julai 2024 Marekani ikazuia isiuzwe kwa wateja wapya, kwa hofu ya uhusiano wake na serikali ya Urusi. Kampuni imekana tuhuma hizo. Mimi sina siri za nchi, nachapa mitihani ya darasa la sita, ingawa nayo ina siri zake. Amua mwenyewe.

Namba tatu ni Microsoft Defender, ile iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 bila kulipia. Kama nyumbani kuna Wi-Fi ya mwezi, isiyokatika, acha kusoma hapa, baki nayo, hela yako nunua mchele. Shida yake iko kwetu sisi wa hotspoti. Inaona vizuri zaidi ikiwa hewani kuliko ikiwa imekatwa. Na ukishaiambia Windows kwamba hotspoti yako ni "metered", yaani mtandao wa kuhesabiwa, ili isikumalizie bando, apdeti za Defender nazo zinaweza kuchelewa bila wewe kujua, kwa sababu zinapita mlango uleule wa apdeti za Windows. Dawa ipo. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", teremka hadi "Protection updates", bonyeza mwenyewe mara mbili kwa wiki. Au kazini kwenye Wi-Fi shusha faili la Microsoft liitwalo mpam-fe.exe, lina zaidi ya MB 100, lilete nyumbani kwa flashi, libofye. Hiyo njia ya flashi nimeitumia sana na sijawahi kumsikia muuzaji akimwelekeza mteja. Angeuza nini?

Bitdefender ya Romania inafanya kazi vizuri hata mtandao ukikatwa, lakini kuisakinisha kunavuta mamia ya MB. Sakinisha kwa mtu mwenye Wi-Fi.

Za bure za Avast na AVG: ni nyumba moja, zinakamata virusi, zinakusumbua na matangazo. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Basi.

Sasa mafundi. Wengi wetu laptopu ya mtumba ikifika tunaipeleka kwa fundi "apige Windows". Fundi anaweka Windows iliyochakachuliwa, pamoja na kile kiprogramu cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Defender hukipigia kelele hicho kiprogramu, kwa hiyo fundi anaizima kwanza, au anaiambia isikague sehemu fulani. Fanya hivi leo: ndani ya "Virus & threat protection", fungua mipangilio, tafuta "Exclusions". Ni orodha ya mahali ambapo antivairasi imekatazwa kuchungulia. Ya kwangu ilikuwa na mstari mmoja tu: C:\. Yaani diski nzima! Miezi minane nimekaa na mlinzi aliyefungwa kitambaa machoni, na nilimlipa fundi shilingi 20,000 kwa kazi hiyo.

Na programu zilizochakachuliwa ni njia mojawapo kubwa ya wale wanaofunga mafaili ya watu kisha wadai fidia. Kuna familia moja ya virusi, STOP, wengine wanaiita Djvu, iliyosambaa hasa kwa njia hiyo. Picha zote za harusi zinabadilika majina, hazifunguki, na kila folda ina faili la _readme.txt linalodai dola 980, au nusu yake, 490, ukiwahi ndani ya saa 72. Hakuna antivairasi ya 45,000 itakayozifungua baada ya hapo. Nakili picha zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, nayo inafungwa.

Kuhusu flashi zenye shortcut, maana ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Ukifungua flashi ukakuta folda zako zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo kwenye kona, kila kimoja KB 2, usibofye hata kimoja. Mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa. Safisha kwanza flashi kwa antivairasi, kisha fungua dirisha la cmd, lile jeusi la kuandikia amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Yatarudi. Kuna kijana jirani na stendi anatoza shilingi 5,000 kwa mstari huo mmoja.

Na bando lenyewe, jamani. Aprili 2021 vifurushi vilipobadilishwa, watu walipiga kelele mpaka serikali ikasitisha viwango vipya. Leo bado tunanunua GB zenye saa ya kufa. Unalipia, hujatumia, saa imefika, zimezikwa. Halafu kampuni ya Ulaya inapanga ukubwa wa apdeti zake kana kwamba kila mtu ana waya ukutani. Ukitaka kujua inakula kiasi gani kwako, tafuta "Data usage" kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows. Inaonyesha kila programu imetumia kiasi gani kwa siku 30. Wasomaji watatu waliniletea picha za ukurasa huo, na kwa wawili mlaji mkubwa alikuwa Windows yenyewe, antivairasi ilikuwa inasingiziwa.

Ukienda dukani, nenda na laptopu. Kama unanunua ESET, iwe umeshaiweka ile ya majaribio, ili pale kaunta ibaki kazi ya kuingiza namba tu, ambayo haili bando kubwa. Mwambie muuzaji akukwangulie namba ya leseni mbele yako, iingize, soma tarehe ya mwisho. Iwe siku 365, au chache zilizopungua kwa sababu utakayoielewa. Ikiandika 118, boksi linabaki kwake. Nilipokwenda mara ya pili, duka jingine, mama mmoja wa makamo, nilimwomba hivyo akanitazama, akavuta kiti. "Kaa mwanangu, tuiwashe." Ilisoma 365, na risiti akanipa bila kuombwa.