Trek Domane AL 2: baiki ya kwanza ya lami kwa mtu aliyezoea MTB

Wadau wa MTB, yaani baiki za milimani, wa Nairobi mnaouliza baiki gani ya lami ya kuanzia, jibu langu ni Trek Domane AL 2, ile yenye breki za diski. Ninaipenda kwa sababu ya tairi zake na gia zake, hiyo spidi inakuja yenyewe.

Mimi ni mtu wa misitu ya Karura na Ngong. Bado ni wa huko na MTB siuzi. Lakini nilikuwa nataka kwenda mbali, Banana, Tigoni, Limuru kisha nirudi kabla ya saa sita mchana, na mwenye amejaribu hiyo njia na tairi za vinundu anajua zinavyonguruma kwenye lami na shoki inavyomeza nguvu kila ukisimama kukanyaga. Hii Domane nayo ukikanyaga inaenda, hapo hapo. Ukiacha kukanyaga bado inaenda. Kitu cha kwanza utasikia ni huo ukimya wa tairi na kitu cha pili ni kwamba umefika Ruaka kumbe hata hujachoka.

Vifaa sasa. Fremu ni alumini, foko ya mbele ni kaboni, gia ni Shimano Claris, mbele sahani mbili za meno 50 na 34, nyuma gia 8 kuanzia meno 11 hadi 32, breki za diski za waya, tairi 700x32, yaani upana wa milimita 32. Uzito unacheza kama kilo kumi na nusu, kwa hivyo usitarajie kuinua kwa kidole. Kuna watu watakwambia Claris ni ya chini sana usubiri pesa ipatikane uchukue 105, ile Shimano ya daraja la juu zaidi, mimi nakataa kabisa. Kwa mtu anaanza, gia 8 ni baraka, cheni ya spidi 8 ni rahisi kupata na bei yake haikuumizi, na fundi wa mtaani hata kama hajawahi kuona baiki ya lami anajua kurekebisha waya. Inabadilisha gia vizuri tu, unasukuma leva ndani taratibu inaingia.

Lakini kwenye milima ujipange. MTB yangu ina meno 32 mbele na 51 nyuma, yaani hata ukuta unaupanda umekaa. Hapa gia nyepesi kabisa ni 34 kwa 32, karibu mzunguko mmoja wa pedali kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na kutoka Nairobi mjini iliyo kama mita 1,700 hadi Limuru iliyopita mita 2,200 utazijua hizo tofauti kwa magoti. Unajifunza kusimama, unajifunza kuanza mlima polepole, na baada ya muda mwili unakubali. Ndio maana nasema ukiona baiki ingine ya bei hiyo hiyo ina gia ya nyuma ya mwisho ya meno 25 au 28 achana nayo, hizo ni za watu wa tambarare, si za watu wa Kiambu.

Usukani ndio uliniogopesha zaidi. Umetoka kwa usukani mpana wa milimita 760 unashika kitu cha 420, mara ya kwanza unahisi baiki inataka kukimbia na wewe, ukigusa kidogo inageuka. Ya kusaidia ni kulegeza mabega na kukunja viwiko, kitu ambacho kama umepita vijia vya msituni tayari unakijua. Halafu breki. Breki za waya zinataka mkono zaidi kuliko zile za mafuta tumezoea kwa MTB ambapo kidole kimoja kinatosha, na ukizifinya ukiwa umeshika juu huna nguvu ya kutosha kwa mteremko mrefu. Shika chini, kule usukani umepinda, vidole viwili kwa leva, na uanze kufunga mapema kuliko ulivyozoea. Tafadhali fanyia mazoezi mahali hakuna matatu kabla uende Red Hill.

Sasa tairi, na hapa ningeomba msome polepole kwa sababu ndipo pesa za watu wetu zinapotea. Baiki nyingi za lami za mitumba zinazoingia hapa zinakuja na tairi za milimita 23 au 25, nyembamba, na barabara zetu mnazijua, ukingo wa lami umemegeka, mashimo, matuta yasiyo na rangi, changarawe imemwagwa kwa kona. Ukigonga shimo na 23 tyubu inabanwa kwa rimu inatoboka matundu mawili sambamba na safari imeishia hapo. Hizi 32 zina hewa ya kutosha kulinda rimu na mikono yako. Msizijaze hadi ziwe mawe! Mimi nina kilo sabini na kitu naweka karibu 60 psi (kipimo cha presha ya hewa), na hata hiyo kwa mtu wa MTB aliyezoea 25 psi inaonekana nyingi, lakini ukishuka sana chini ya hapo na tyubu ndani unatafuta kutobokewa. Nunua pampu ya sakafuni yenye geji, angalia kila unapotoka.

Pedali usinunue mpya. Hamisha zile za SPD za MTB, zile zinazonasa kiatu, na viatu vyako vile vile, zinaingia bila shida na ukishuka kununua mahindi choma unatembea kama binadamu.

Wengine watauliza kwa nini nisichukue baiki ya murram (gravel), ya lami na changarawe, nimalize yote mawili. Kama una nafasi ya baiki moja tu nyumbani, chukua hiyo, sina ubishi. Ila kama MTB unayo tayari, baiki ya murram itafanana nayo nusu. Na huku kuhama kutoka udongo kwenda lami kuna wakubwa walipita: Cadel Evans alichukua Kombe la Dunia la MTB 1998 na 1999 kabla ya kushinda Tour de France 2011, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alianza na MTB kule Kikuyu akifunzwa na David Kinjah. Ule uwezo wa kusoma njia na kutulia baiki ikiteleza huuachi msituni.

Kwa safari ya kwanza ndefu wengi mtakimbilia Magadi Road, na mna haki, ile kushuka kutoka Corner Baridi bonde lote likiwa mbele yako ni tamu ajabu. Lakini Ziwa Magadi, mwisho wa barabara, liko kama mita 600 tu juu ya bahari na joto la huko si mchezo, na kila mteremko unaofurahia utaupanda ukirudi. Fika Olepolos, kabla ya kushuka hadi ziwani, geuka, pima mwili kwanza. Fremu inabeba chupa mbili, jaza zote mbili, na ubebe tyubu mbili za ziada.