Warsha Ndiyo Huduma Bora ya AERC

Ni rahisi kuipima taasisi ya utafiti wa sera kwa wingi wa machapisho yake, na wengi wanaoandika kuhusu AERC, muungano wa utafiti wa kiuchumi barani Afrika wenye makao makuu Nairobi, hufanya hivyo. Mimi naitathmini kama huduma nyingine yoyote: inamhudumia nani, inampa nini, na mtu huyo anatoka akiwa na uwezo gani ambao hakuingia nao. Kwa kipimo hicho, machapisho yanashika nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ni ya warsha zinazofanyika mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida katikati ya mwaka na mwezi Desemba.

Sababu ya kuwapo kwa warsha hizo inapatikana katika hali ya miaka ya 1980. Serikali nyingi za Afrika zilikuwa zimeelemewa na madeni, huku Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia yakizitaka zishushe thamani ya sarafu, ziondoe ruzuku na zipunguze matumizi. Katika majadiliano hayo wakopeshaji walikuja na majopo ya wachumi na majedwali yao tayari, ilhali wizara zetu zilikuwa na wataalamu wachache, na vyuo vikuu vilikuwa vinakimbiwa na walimu kwa sababu ya mishahara duni. Kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, IDRC, kilianza kwa kuwakutanisha watafiti wachache wa uchumi mpana wa Afrika Mashariki na Kusini, na kutokana na mtandao huo mdogo AERC ikaanzishwa mwaka 1988, ikiungwa mkono na Wakfu wa Rockefeller na wafadhili wengine.

Uamuzi mmoja wa waanzilishi unastahili sifa ya pekee. Bodi, ambamo wafadhili wana sauti, ilipewa jukumu la fedha na sera kuu za taasisi, lakini ajenda ya utafiti iliwekwa mikononi mwa kamati ya wasomi. Mwenye kutoa fedha, kwa hiyo, hachagui swali la kuulizwa. Mpangilio huo hauondoi utegemezi, kwani fedha nyingi bado hutoka nje ya bara, na huo ndio udhaifu wa msingi wa taasisi hii. Hata hivyo, unaeleza kwa nini matokeo yake yameaminika pia na watu wasiowapenda wafadhili wenyewe.

Mtafiti huanza kwa kuwasilisha andiko la utafiti anaotaka kuufanya, ambalo hupitiwa na wahakiki kabla hajaitwa. Likikubaliwa kufika warshani, hulitetea katika kundi la mada yake, mathalani umaskini na ajira, biashara na ushirikiano wa kikanda, au fedha na ukusanyaji wa rasilimali, mbele ya wenzake na wataalamu walezi waliokwisha kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Huulizwa takwimu amezitoa wapi, kwa nini amechagua mbinu hii na si ile, na sera anayoipendekeza inatokana na jedwali lipi hasa. Akipata ruzuku ya utafiti, hurudi na kazi ambayo haijakamilika, akahojiwa upya, na baadaye tena akiwa na ripoti ya mwisho. Ni utaratibu mrefu, na yeyote anayetafuta fedha za haraka asijisumbue. Kwa mhadhiri kijana ambaye idarani kwake hakuna mtu wa kumsahihisha kwa ukali, sijui huduma nyingine barani inayoukaribia.

Ushahidi uko wazi katika majina. Benno Ndulu, aliyeiongoza AERC katika miaka ya 1990, alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Njuguna Ndung'u alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuanzia 2007 hadi 2015, akawa mkurugenzi mtendaji wa AERC, kisha mwaka 2022 akateuliwa kuongoza Hazina ya Kenya. Watu kuvuka hivi kati ya chumba cha utafiti na meza ya maamuzi ndiko kulikokusudiwa tangu mwanzo, ingawa msomaji makini atajiuliza ni nani basi atakayeikosoa sera ikiwa mtafiti na mtungaji wake wamesoma darasa moja.

Upande wa mafunzo nao ni imara. Shahada ya uzamili ya pamoja ilianza 1993: vyuo vinagawana mzigo, na wanafunzi wa nchi mbalimbali hukutanishwa kwa masomo ya hiari ambayo chuo kimoja kisingemudu kuyaajiria walimu. Uzamivu wa pamoja ukafuata 2002, Dar es Salaam, Ibadan na Yaoundé II vikiwa miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki.

Palipo na upungufu mkubwa ni kwa msomaji wa kawaida. Ripoti hupatikana bure mtandaoni, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, na baadhi kwa Kifaransa, katika lugha ya wachumi kwa wachumi. Mkulima, diwani au mhariri wa gazeti la Kiswahili hana mlango wake. Taasisi yenye makao katika jiji linalozungumza Kiswahili ingeweza walau kutoa mihtasari ya sera katika lugha hiyo. Kwa sasa, mwandishi wa habari anayetaka kuitumia aanze na mihtasari iliyopo, aruke milinganyo, kisha asome sehemu ya data kwa makini kabla ya kunukuu hitimisho lolote, kwa sababu mara nyingi sampuli ni ya nchi moja au ya kipindi kifupi kuliko kichwa cha ripoti kinavyodokeza.