Povu la maziwa ya kahawa: ukiwa Mtwara, ununue kifaa gani?

Msimu wa korosho ukifunguka, Oktoba hivi, maswali ya mashine huanza. Mtu ananionyesha picha kwenye simu, mashine inameremeta, ubavuni imeandikwa "baa 15" kwa herufi kubwa. "Dada, hii si itanipa povu kama la hotelini?"

Baa ni kipimo cha shinikizo, na baa 15 hizo hazihusu maziwa hata kidogo. Ni nguvu ya pampu inayosukuma maji kwenye kahawa, na hata espresso yenyewe, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hutoka vizuri kwenye baa 9 hivi. Maziwa huinuliwa na mvuke, na mvuke wa mashine za migahawani huwa baa 1 mpaka 1.5 tu. Cha kuuliza dukani ni kwamba mvuke unadumu muda gani kabla haujafifia, unatoka mkavu au unatema maji, na umeme wa mtaani kwako utaimudu mashine hiyo au la.

Kabla ya kutoa hela, jua unachokitafuta. Povu zuri si mapovu ya sabuni. Ni maziwa mazito kiasi, yanang'aa kama rangi ya mafuta iliyokorogwa sasa hivi, na vipovu vyake huvioni kwa macho. Protini ndiyo inayoshika hewa, mafuta yanaleta ulaini. Hewa huingizwa mwanzoni, maziwa yakiwa baridi, mpaka jagi lifikie joto la mwili. Kuanzia hapo ni kuyazungusha tu mpaka nyuzi 60 au 65. Ukivuka 70, utamu unafifia na ladha ya maziwa ya kuchemka inaingia. Sisi tuliokulia kwenye chai ya maziwa iliyopanda sufuriani mara tatu ndipo tunapoharibu: mkono hautaki kuzima jiko mapema.

Na joto letu lina hila yake. Maziwa yaliyoachwa mezani Shangani saa saba mchana yamekwishafika nyuzi 30. Ukianza kuyapuliza, muda wa kuingiza hewa unaisha hujaweka hata mkono sawa. Yatoke kwenye friji, karibu nyuzi 4, na jagi lilale humo humo.

Kuhusu maziwa yenyewe, huku kusini si mkoa wa ng'ombe wengi, kwa hiyo usione aibu kutumia ya boksi. Yanatoa povu vizuri sana, pengine kuliko maziwa freshi ambayo leo yako hivi na kesho muuzaji kayaongeza maji. Maziwa ya unga nayo yanafaa ukiyakoroga mazito kidogo na kuyapoza kwanza. Soma tu pakiti: ikitaja mafuta ya mimea, hayo si maziwa kamili, na ladha yake kwenye kahawa utaijua.

Tui la korosho nimelihangaikia kweli, maana ingekuwa ajabu kukaa Mtwara na kuagiza maziwa ya lozi kutoka ng'ambo. Ninaloweka korosho saa nne, nasaga kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, nachuja kwa kitambaa. Ladha yake na kahawa ya Mbinga, inayotushukia kwa barabara ya Songea na Tunduru, ni tamu kupita maelezo. Povu ndilo tatizo. Korosho ina wanga, na wanga ukipata moto unakuwa uji. Nilipolifikisha nyuzi 65 kama maziwa ya ng'ombe, nilimwagia kahawa kitu cha kunywa kwa kijiko. Sasa naishia 55, na nachanganya nusu kwa nusu na maziwa ya boksi. Tui la nazi usijaribu: linakatika na mafuta yanaelea juu.

Haya, tuje kwenye vifaa. Nimevipanga kwa mtu wa nyumbani anayetengeneza vikombe viwili vitatu kwa siku.

Namba moja: presi ya kahawa, lile jagi lenye kichujio cha kusukuma. Najua ulitegemea mashine. Pasha maziwa jikoni mpaka 60, mimina yafike theluthi ya jagi, yasizidi hapo kwa sababu yatapanda, kisha sukuma juu na chini mara 15 mpaka 20, kichujio kikicheza karibu na uso wa maziwa. Ligonge jagi mezani mara mbili, zungusha, mimina. Umeme ukikatika unaendelea na mkaa au gesi yako. Chukua la stenlesi, la kioo litakufa siku moja kwenye sinki, na lisiwe lile unalotengenezea kahawa, kwani mafuta ya kahawa huua povu. Ongeza kipimajoto kidogo cha jikoni. Ukikikosa, tumia kiganja: jagi likikuunguza kiasi cha kutaka kuliachia, umefika.

Namba mbili ni birika la mvuke la kuweka jikoni. Bellman ndilo jina linalojulikana zaidi. Unatia maji, unafunga kifuniko kwa nguvu, unaweka kwenye jiko la gesi, na baada ya dakika kadhaa unafungua koki: mvuke halisi, mkavu, bila waya wowote. Mvuke huo huo uliotuachia neno stima, sasa uko kwenye plati yako. Ningeliweka namba moja kama lingepatikana madukani kwetu. Itabidi uagize, na ukishaagiza usikubali lisilo na valvu ya usalama, wala usilifungue kabla halijapoa. Hiki ni chombo cha shinikizo, watoto wakae mbali.

Tatu, mashine ndogo ya espresso yenye mrija wa mvuke, mfano De'Longhi Dedica na jamaa zake. Kama unataka espresso na maziwa kutoka sehemu moja, hii ndiyo njia, lakini ina masharti. Inakula takriban wati 1,300, kwa hiyo inveta ndogo ya kuwashia taa na televisheni haitaivuta. Kwa LUKU haitishi: dakika tano ni kama sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kinachoua mashine hizi ni umeme kushuka na kupanda, basi bei ya kilinda umeme ihesabu humo humo. Kagua ncha ya mrija. Nyingi zina kifuniko kinachovuta hewa chenyewe, na hicho ndicho kinacholeta mapovu makubwa ya sabuni. Kikivuliwa na ndani kukawa na mrija mwembamba, nunua. Kisipovuliwa, iache. Yangu ya kwanza haikuvuliwa, na muuzaji aliapa kwamba "ndivyo zilivyo zote".

Ukiinunua, kabla ya kuingiza kwenye maziwa puliza pembeni maji ya mwanzo yatoke. Ncha ikae chini kidogo tu ya uso wa maziwa. Sauti iwe kama karatasi inayochanwa taratibu. Ikipiga kelele kama paka aliyekanyagwa, umezamisha mno. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kibichi na upulize tena papo hapo, la sivyo maziwa yatagandia ndani. Na kama birika lako la chai lina utando mweupe, ujue utando huo utaziba na mashine, kwa hiyo tumia maji ya chupa. Jagi la stenlesi la mililita 350 linatosha kikombe kimoja, la 600 vikombe viwili.

Nne, jagi la umeme linalopasha na kukoroga lenyewe. Unabonyeza, unaenda kuvaa viatu, unarudi limezima. Kwa mtu wa ofisini anayewahi daladala ni raha. Ila joto halipangiki kwenye mengi, povu linakaa juu kama sifongo badala ya kuchanganyika, na ule mstari wa povu huwa chini sana kuliko mstari wa kupasha tu, hivyo jagi kubwa linakupa kikombe kimoja. Usilisugue kwa steliwaya.

Kipigio cha mkono cha betri kinashika mkia. Ni rahisi na kinapatikana kirahisi, lakini povu lake hudumu mpaka ufike kibarazani. Kwa maziwa baridi na barafu, hapo nakikubali.

Kama unafungua mgahawa pale Mikindani au Lindi mjini, sahau mpangilio huu wote. Unahitaji mashine yenye boila kubwa, inayotoa mvuke na kahawa kwa wakati mmoja, na kabla ya kuilipia hakikisha yuko fundi anayeifahamu na mipira yake ya akiba inapatikana Dar. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, atie maji baridi kwenye jagi, apulize majagi matatu mfululizo. La tatu likipoteza nguvu, rudi Kariakoo ukaendelee kutafuta.