Kabla Hujanunua Mifuko ya Santuri, Inuse

Ami yangu alipofariki niliachiwa kabati lake la santuri. Mlikuwa na taarabu, dansi, Kihindi kidogo, na rundo la zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi za lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya Assanand hapa hapa Mombasa. Karatasi za ndani zilikuwa zimeliwa na mende, na zilizosalimika zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Nikaona niwatendee wema marehemu na santuri zake. Nikanunua mifuko mia moja ya plastiki, mizito, laini, inang'aa kama kioo, nikazivisha zote Jumapili moja. "Hii ni ya maisha, dada," muuzaji akaniambia.

Baada ya miezi minane nikatoa moja ili nimpigie mgeni. Usoni ilikuwa na ukungu mweupe, umekaa viraka viraka, mahali mfuko ulipogusa. Nikafuta kwa kitambaa. Nikaosha kwa maji na tone la sabuni. Haukutoka. Nilipoiweka sindano, nyuma ya taishokoto, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, kulikuwa na chaaa ya viazi ndani ya karai la mafuta. Santuri kumi na saba zimeharibika hivyo, na hazipatikani tena popote.

Mifuko ile ilikuwa ya PVC, aina moja ya plastiki, nami nilikuwa sijui hata kuuliza. PVC kwa asili ni ngumu. Ili iwe laini kiwandani huchanganywa na kemikali zinazofanana na mafuta. Mafuta hayo hayashikamani nayo daima. Hutoka polepole, na joto huyaharakisha, na Mombasa mwezi wa Februari joto hatuagizi. Ukiwahi kuweka cheti cha shule ndani ya jaketi la plastiki laini, unalijua jambo hili: siku ya usaili unakitoa, nusu ya jina lako limebaki kwenye plastiki. Santuri yenyewe nayo imetengenezwa kwa jamii hiyo hiyo ya plastiki, ila ngumu, kwa hiyo ikikumbatiwa na ndugu yake aliyelainishwa huyapokea mafuta yale bila ubishi.

Ndiyo maana sitaki kusikia habari za unene wala uzuri wa pembe kabla hujajua ni plastiki gani. Unaponunua, nusa. PVC ina harufu ya nailoni mpya ya kufunikia meza. Kisha ufinye: polithini hulia kwaru kwaru, PVC hunyamaza na kunata kidoleni. Bado una shaka? Kata kipande, kitie kwenye bakuli la maji, ukizamishe kwa kidole ili kilowe vizuri, halafu ukiachie. Polithini itapanda juu. PVC itabaki chini. Kwenye pakiti tafuta HDPE, ambayo ni aina ya polithini, au namba 2 ndani ya pembetatu. Ukiona namba 3, hiyo ni PVC, irudishe rafuni.

Mimi ni mtu wa Nagaoka, na sijifichi. Hao ni Wajapani wanaotengeneza pia sindano, na mfuko wao namba 102 wa santuri za inchi 12 ni wa polithini ya HDPE, mwembamba, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na chini umekatwa mviringo. Huja hamsini kwa pakiti. Santuri hutoka bila kuvuta umeme tuli, kwa hiyo vumbi la barabarani haliifuati. Una kasoro: kwa wembamba wake hujikunja chini unapourudisha ndani ya jalada, na mikono yenye haraka itaukasirikia. Mimi nimejifunza kuuingiza jaladani santuri ikiwa ndani yake, taratibu, na tumeelewana.

Anayetaka kitu kilichosimama wima achukue wa Mobile Fidelity wa Marekani, wenye tabaka tatu, karatasi katikati na polithini huku na huku. Hauna ubishi wa kujikunja. Ni mzuri kabisa, nami nauweka wa pili kwa sababu moja tu, kwamba nimeshampenda yule wa kwanza.

Wa tatu ni wa karatasi iliyobandikwa polithini kwa ndani, wenye tundu katikati la kusomea lebo. Unafaa. Karatasi tupu ni rahisi, inakwaruza, inatoa vumbi lake lenyewe. Ni ya kungojea mshahara.

Kama una zile nzito za mizunguko 78, za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hizo si vinili, ile plastiki ya santuri za baadaye, hutengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na unyevu ukifungiwa ndani huota kuvu. Zipe karatasi isiyo na asidi na uziache zipumue.

Sasa wauzaji. Huyu wa mjini aliniuzia Nagaoka moja moja, shilingi mia na hamsini kila mmoja, baada ya kuifungua pakiti mbele yangu. Nilipouliza kwa nini, akanitajia marufuku ya mifuko ya plastiki. Marufuku ile ilianza tarehe 28 Agosti 2017! Miaka yote hii inapandisha bei ya mifuko ya santuri, na sambusa nazo zitapandishwa kwayo. Halafu wana mtindo wa kuitoa santuri kuukuu kwenye karatasi yake ya asili yenye nembo ya lebo, kuitupa karatasi ile, kuivisha PVC inayong'aa, na kuongeza bei kwa sababu "imehifadhiwa". Juzi nilimwomba mmoja anikatie kipande kidogo cha mfuko wake, na bakuli la maji nilikuwa nimelibeba kwenye kikapu. Akaniambia nampotezea wateja.

Ile mifuko yangu ya PVC iliyobaki, kama themanini hivi, watoto wamejalidia madaftari. Wino wa kalamu umeanza kuhamia.