Uzoefu wangu: Nilizifuata shanga za Cheki mpaka milimani zinakotengenezwa

Mimi ni mtunga shanga. Kazi hii nilifundishwa na mama mkubwa pale Namanga, na tangu utotoni nimesikia mafundi wakisema neno moja wakifika dukani: "Nipe za Cheki." Anayetunga shanga za Kimasai kwa ajili ya kuvaliwa, si kwa ajili ya mtalii wa siku moja, anajua sababu. Punje zinalingana, tundu halikwamishi sindano, na rangi haichuji ukitoka jasho. Ila Cheki yenyewe, nchi ya Ulaya, kwangu ilikuwa jina tu. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia dada yangu Dresden, Ujerumani, nilimwomba anivushe mpaka wa nchi hizo mbili kwa gari nikajionee. Tulikaa siku mbili, na ninaandika haya kwa watunga shanga wenzangu wanaofikiria safari kama hiyo.

Tulianzia Jablonec nad Nisou, mji ulio chini ya milima ya Jizera. Hapo lipo jumba la makumbusho ya vioo na mapambo. Litengee nusu siku nzima. Kuna vioo vya fahari vya kila namna, lakini mimi nilinaswa na kadi za sampuli: karatasi ngumu zilizoshonewa shanga safu kwa safu, kila safu na rangi yake na namba yake. Wafanyabiashara wa mji huu walikuwa wakituma kadi kama hizo kwa wanunuzi wa mbali, Afrika ikiwemo, mnunuzi anachagua kwa namba. Nikaiona nyekundu yetu. Nikaiona ile buluu iliyokoza na ile rangi ya chungwa. Nilisimama pale mpaka dada akanishika mkono tuondoke, na sioni haya kusema machozi yalinilengalenga. Rangi nilizokuwa nikizihesabu juu ya mkeka wa mama mkubwa, kuna mtu alizipanga huku kwa mkono wake.

Nilijiuliza kwa nini kazi hii ilishika mizizi milimani, mbali na bahari. Ukifika unaelewa. Msitu ulitoa kuni za tanuri, vijito vilizungusha mawe ya kunolea vioo, na mashamba ya huku ni ya baridi, hayatoshi kulisha familia. Watu wakafanya kazi ya vioo nyumbani, baba, mama na watoto. Wengi wao walikuwa Wajerumani na mji wao waliuita Gablonz. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1945 na 1946, walifukuzwa. Baadhi yao walianza upya Bavaria, katika mtaa wa Kaufbeuren ambao hadi leo unaitwa Neugablonz. Dada yangu, ambaye ameishi ugenini miaka mingi, alinyamaza kimya aliposikia habari hiyo.

Hapo pia nilirekebisha kosa langu la siku zote. Nilidhani shanga zetu ndogo hupulizwa moja moja. Sivyo. Zinaitwa rokaili, na huanza kama kioo cha moto kinachovutwa mpaka kiwe mrija mrefu mwembamba wenye tundu ndani. Mrija unakatwa vipande vidogo, kisha vipande vinazungushwa kwenye joto mpaka kingo kali zilainike. Ndiyo maana tundu la rokaili nzuri limenyooka. Mtengenezaji anayejulikana zaidi leo ni Preciosa Ornela wa kijiji cha Zásada, si mbali na hapo. Ukinunua, kumbuka namba inakwenda kinyume: namba 8 ni kubwa kuliko namba 10, na namba 10 ina upana wa zaidi kidogo ya milimita mbili.

Za kupulizwa zipo, lakini ni nyingine kabisa, na tulizifuata siku ya pili katika kijiji cha Poniklá, kwenye milima ya Krkonoše. Hizi ni shanga za kioo zenye uwazi ndani, za kutengenezea mapambo ya mti wa Krismasi. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka kazi hii katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kama una siku moja tu, nenda huku.

Fundi alishika mrija wa kioo juu ya moto wa gesi akawa anauzungusha kwa vidole, polepole, bila kuutazama sana. Ulipolegea aliuweka ndani ya kalibu ya shaba, akaifunga, akapuliza. Alipoifungua, mrija ulikuwa umegeuka safu ya vifundo, kama ganda la kunde lenye kunde ndani. Wao huita klauče. Bado ni kioo kitupu, unaona vidole vyako upande wa pili. Kisha ndani huingizwa maji yenye madini ya fedha, safu inawekwa kwenye maji ya moto, na mbele ya macho yako kioo kinageuka kioo cha kujitazamia. Mimi nilitaka kupiga makofi. Baadaye huchovywa rangi, huchorwa, hukatwa punje punje, halafu hutungwa kwenye waya kuwa nyota, vikapu, hata baiskeli ndogo. Mgeni naye hupewa waya na punje. Nyota yangu ilikamilika haraka. Vidole vinajua kutunga hata kama lugha hamuelewani.

Tahadhari moja kabla hujalipa popote. Mwaka juzi niliagiza mtandaoni shanga zilizotajwa kuwa za Cheki, na mkufu wa bibi harusi ukachuja waridi kwenye kitambaa cheupe. Nililipa hasara mimi. Tangu hapo nafuta punje kadhaa kwa pamba yenye spiriti kabla ya kununua fungu zima. Na hata Cheki kwenyewe, baadhi ya waridi na zambarau hupakwa rangi juu, kwa hiyo uliza. Nyekundu iliyo rangi mpaka ndani ya kioo haina shida hiyo.

Nilirudi Namanga na klauče moja isiyotiwa fedha, nimeifunga ndani ya soksi, na mafungu sita ya rokaili nyekundu namba 10. Mama mkubwa aliipitisha klauče kwenye kidole gumba, kifundo kwa kifundo, akaiinua kuelekea dirishani. "Hii mtu hawezi kuruka nayo," akasema, akaitundika juu ya picha ya marehemu baba mkubwa. Kisha akaomba miwani yake, akavuta fungu la kwanza la nyekundu, akaanza kutafuta sindano.